Mafuta ya Taa

Tuktuk ya Bi Mwanamkuu ililetwa ikisukumwa
kutoka Barsheba hadi Mlaleo, jua la saa saba,
Kibwana nyuma, mabega yamelowa,
mwenyewe mbele, buibui kalikunja mkononi,
akifungua njia kama apelekaye bibi harusi.

Nikafungua kichwa cha silinda.
Lo! Moto wa miezi minane ulilala mle
ukajigeuza jiwe.
Juu ya pistoni, ukoko,
ukoko wa sufuria iliyosahauliwa jikoni,
na valvu ya kutolea moshi imevaa kilemba.

Mimi husoma masizi.
Ya kijivujivu: mafuta safi, mwendo mrefu.
Meusi yenye unyevu: oili inapanda, ringi zimechoka.
Haya yalikuwa makavu, mazito, yananuka koroboi.
Nikainua macho.
Kibwana alikuwa anahesabu vidole vya miguu yake.

Kila lita ya petroli, robo ya taa.
Chenji ilikwenda ilikokwenda.

"Ni nini, Saumu mwanangu?"
Unga wa mahamri ya alfajiri bado uko kwenye kucha zake.
Miaka thelathini ya marehemu pale bandarini, kwenye winchi,
pensheni yake ndiyo hii: magurudumu matatu.
"Ni mafuta, mama," nikasema.
Sikudanganya. Sikumaliza pia.

Akaenda kusali.
Nikamtupia Kibwana kifuu cha nazi.
"Bisibisi hapana, itachuna alumini.
Kwangua kwa hiki, polepole,
ukoko utoke, pistoni ibaki."
Nikavunja ringi kuukuu vipande viwili:
mfereji wa ringi husafishwa
na ringi iliyokufa.

Kisha valvu, unga wa kusagia, kijiti chenye mpira,
pekecha kati ya viganja, inua, geuza, pekecha,
mpaka sauti ya mchanga iwe sauti ya hariri.

Alikwangua hadi alasiri, kimya.
Jasho lilimdondoka juu ya pistoni,
kila tone likaacha kidoa cheupe.
Ikabaki kuosha. Nikamsogezea beseni.
Akanusa. Akasita.
Mafuta ya taa.
Yale yale.

"Tia mkono," nikamwambia. "Ndiyo yang'oayo."

Iliwaka mara ya tatu.
Bi Mwanamkuu akafungua kipochi, akauliza ni kiasi gani,
na hasa, mafuta gani hayo yaliyomponza.
Nikamwachia Kibwana swali.
Midomo yake ilikuwa imeachana kidogo tu,
kama valvu.