Mlango wa Ngama

Majira yote ya baridi nimekuwa nikiziba.
Vipande sitini na viwili vya msonobari,
upana wa kidole, urefu wa chumba na ukumbi,
na kimoja cha mwerezi, cheusi, katikati ya sitaha;
gundi, kibanio, gundi,
hadi taa ya gereji ikashindwa kupenya.
Kisha kitambaa cha nyuzi za kioo, kisha epoksi,
na Ensio mlangoni na kikombe chake cha kahawa
akiniuliza kama bado nanuka kiwanda.
Nanuka. Lakini kutoka omo hadi tezi
hakipiti kitu.

Leo ni Aprili. Barafu ya Saimaa imeanza kulia usiku,
nami nimeshika penseli
nachora tundu juu ya sitaha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Hawakusema afanyeje
aliyemaliza ukuta wake, ukapendeza,
ndipo akakumbuka mlango.

Kazi yangu ni meno.
Katika maabara ya Mikkeli naletewa midomo ya plasta,
kila mmoja na jina la ukoo kwa kalamu nyekundu,
nami naichongea taji za kauri.
Ukipita unywele kati ya jino na taji,
mtoto wa watu ataumwa hadi Krismasi.
Kwa hiyo nawaheshimu ndugu hawa wawili,
tundu na kifuniko:
wanazaliwa siku moja, kwa kisu kimoja,
na unene wa kisu ndio ugomvi wao wa maisha.

Kaarlo jirani aliniazima msumeno wa umeme
akaniazima na maoni:
"Vya plastiki vipo dukani, vya duara, rahisi."
Nikamshukuru kwa msumeno.

Nilianza kwa wembe, kwenye kiungo cha ule mwerezi,
pale jicho litakapodhani ni kivuli.
Halafu meno membamba ya chuma, polepole,
kona zikizunguka kama yai.
Mkono haukutetemeka. Magoti ndiyo.
Kipande kilipoachia
kikajinyoosha kidogo,
kama mguu uliovuliwa kiatu cha harusi.

Ilinibidi kukirudisha kwenye mkunjo wake,
siku tatu chini ya mifuko ya mchanga.
Chini ya tundu nikajenga ukingo,
juu ya ukingo utepe wa mpira,
na kwenye kiwambo nikatoboa kwa sindano,
maana hewa ya Julai ikipata moto ndani
hutafuta pa kutokea, na haibishi hodi.

"Utaweka nini humo?" Ensio aliuliza.
Hema, nikasema. Sufuria. Mkate mweusi. Soksi.
"Za siku ngapi?"
Kayaki ina kiti kimoja. Yeye hajui kuogelea,
na kwenye gati hukaa na miguu ndani ya buti.
Nikamwambia: lita arobaini na tano.
Akatikisa kichwa kana kwamba nimemjibu.

Jumamosi tukaijaribu uani.
Nilitandaza gazeti lake ndani ya ngama,
nikafunga, nikavuta mikanda,
naye akashika bomba la maji
akamwagia sitaha mpaka kahawa ikachemka jikoni,
akamwagia tena, kwa nguvu kuliko nilivyomwomba.

Kifuniko kilitoka kwa mlio mdogo,
kama mtu anayeonja mchuzi.
Msitari wa mwerezi ulikuwa umeunganika;
ungedhani hakuna aliyewahi kuukata.

Ensio akalichukua gazeti, akalikunjua juu ya goti,
akapitisha kiganja ukurasa kwa ukurasa,
habari, vifo, bei ya kuni,
akasimama kwenye fumbo la maneno.
Doa, dogo kuliko punje ya dengu.

"Hapa," akasema. "Upande wa tezi, kushoto."

Akaingia ndani kutafuta miwani yake,
akarudi nayo,
na karatasi ya msasa, ile laini,
ambayo sikuwa nimemwomba.