Usukani wa Bedfodi

Wameniletea ndani ya gunia la makonyo,
usukani peke yake, bila lori,
kama kichwa cha ng'ombe siku ya karamu.
"Uzibe, Ba Tumu, ung'are.
Mwezi ujao gari linampakia bibi harusi."
Kasema Sleyum, mjukuu wa mwenye gari,
kijana wa simu mbili, asiyejua
kwamba miaka kumi na tisa nilikuwa utingo
wa lori hilo hilo, Konde mpaka bandari ya Wete,
na huu sikuwahi hata siku moja
kuushika.

Nilishika jeki. Nilishika debe la maji.
Nilishika gogo la kuzuilia gurudumu
kwenye miteremko ambako breki zetu zilikuwa dua.
Usukani ulikuwa wa Faki Kombo, Mungu amrehemu.
"Mkono wa utingo una grisi," akisema.
Na wake ulikuwa na nini? Halua?

Leo umelala mapajani mwangu.
Nahesabu nyufa: saba.
Mbili pana, saa tatu na saa tisa ukiutazama kama saa ya ukutani,
pale mpira mgumu unapokutana na vyuma vya katikati.
Moja nyembamba, unywele wa mtoto mchanga.
Nyingine sizisemi.

Ufa hauzibwi ulivyo. Kwanza unaupanua.
Nachukua msumeno wa chuma,
nauchonga uwe mfereji.
Mke wangu anapita na karai lake:
"Uliitwa kutengeneza ama kuvunja?"
Simjibu.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakusema ufa uzibwe na nini,
wala hawakuwahi kuona gundi
ikigoma kushika penye uchafu.

Natia sindano ya kushonea magunia.
Inatoka na vumbi jeusi.
Nalinusa.
Karafuu.
Karafuu za mwaka gani hizi?
Za ile vuli kubwa, tulipolala bandarini siku tatu
tukingoja mizani?
Au za lile gunia moja chini ya kiti chake,
lililoteremka usiku njia ya Ngezi,
aliloniambia nisilione,
nami, wallahi, sikuliona?

Nafuta kwa spiriti. Nakamua gundi ya mirija miwili,
sawa kwa sawa, juu ya kifuniko cha kopo la maziwa.
Natia unga wa mti wa mkarafuu niliousaga kwa tupa,
gundi ipate nyama.
Inapata moto yenyewe mkononi.
Dakika ishirini, kisha haisikii la mtu.

Siku ya pili ni msasa.
Mkavu, halafu wa maji, halafu mlaini zaidi,
mpaka kidole kinazunguka duara zima bila kukwaa.
Nikafurahi. Nikazungusha tena, kwa kujisifu,
na gumba langu likaanguka ndani ya kitu.

Kibonde.
Upande wa kulia, kwa ndani,
kimekaa kama alama ya kijiko kwenye ugali.
Gumba la Faki hilo, miaka thelathini
likisugua pahala pamoja.

Sleyum alipokuja kutazama alikiona.
"Na hapa jee?"
"Gundi imekwisha."
Gundi haikuwa imekwisha.

Nikaupaka rangi nyeusi mara mbili,
nikautundika kwenye kamba ya nguo
baina ya kanga na shuka ya kitanda,
jirani akauliza kama tumeanza kuanika magari.

Usiku wa kuamkia siku ya kuja kuuchukua
nilikaa juu ya kigoda uani.
Nikaushika, mikono miwili.
Gumba nikaliweka pake: likapwaya.
Faki alikuwa na mkono mkubwa, au mimi
nimekonda.
Nikakata kona ya kushoto, polepole, gia ya pili,
nikajihisi magunia yakiniegemea mgongoni.

"Unakwenda wapi saa hizi?" sauti kutoka ndani.
"Bandarini."
Akanyamaza kidogo.
"Basi ukirudi nipitishie chumvi."