Friji ya Ahero

Friji ya zahanati ina nembo ya tajiri
asiyewahi kukanyaga Ahero.
Ndani, chanjo zimepangwa kama mayai.
Dawa ya nyoka haimo.

Juzi Ogalo alitolewa shambani kwa mkokoteni,
tope la mpunga lingali limemganda magotini.
"Haimo kwenye mpango," alisema Nesi Akeyo,
na mpango ulipitishwa Geneva,
kwenye meza ambayo tajiri ana kiti
nasi hatuna hata kigoda.

Diwani wetu mwizi. Mlango wake naujua,
Agosti nitamng'oa.
Huyu mwema nitamng'oaje,
na sikumpigia kura?

Mwanangu amechanjwa, surua haitamchukua.
Nasema asante, na ni ya dhati,
kisha napita boma la Ogalo
nikiinamisha mwavuli.