Kipimo cha Murhula

Karani hakuinua kichwa. "Cheti cha kuzaliwa?"
Nikasema hakipo.
Akauliza kama kilipotea, kiliungua, au kililiwa na panya,
akinisaidia, nadhani, maana kila jibu kati ya hayo
lina fomu yake na bei yake.
Nikasema hakikuwahi kuwepo.
Nilipewa siku tisini za kukuandikisha bure,
nami nilikuwa Kadutu, juu ya mashine, sare za watoto wa watu,
nikisema kesho,
na kesho ya fundi cherehani wewe mwenyewe waijua.

Kwenye ngazi za parke mjomba wako Cirimwami
akanivuta mkono wa shati.
"Nyamaza tu. Bila karatasi, nani atajua?
Akiwa mtoto, deni ni la baba:
mguu wa yule mama, masinia saba ya sambaza,
taa ya pikipiki aliyoipanda bila kuiomba,
vyote vitahamia kwenye cherehani yako.
Akiwa mtu mzima, deni ni lake.
Ndevu anazo. Mwache awe na miaka kumi na tisa."

Kumi na tisa.
Nilishuka na namba hiyo hadi Nyawera
kama kitambaa nisichojua uso wake ni upi.
Mtu wa kumi na tisa hulala Gereza Kuu
kwa zamu, kwa sababu sakafu haitoshi.
Mtu wa kumi na tano huketi mbele ya hakimu wa watoto,
na kando yake lazima pawe na mtu
wa kusema: huyu ni wangu.

Mama yako angeikumbuka tarehe.
Mimi nakumbuka mvua tu.

Kwenye droo, chini ya chaki na vifungo viyatima,
lipo daftari langu la vipimo.
Kila Septemba nilikusimamisha mlangoni.
*Murhula, miaka sita. Bega 27. Kiuno 52. Suruali ya bluu.*
*Murhula, saba. Kiuno 53. Jino limetoka, hataki kusimama wima.*
*Murhula, tisa.*
*Murhula, kumi na nne. Amenipita. Nimepanda kigoda.*

Hakimu alilisoma ukurasa kwa ukurasa,
akalamba kidole, akasimama kwenye saba.
"Na nane iko wapi?"
Mwaka ule minervali ilinishinda, hukwenda masomo,
sikuona sababu ya kukupima.
Nikasema: hapo ni kosa langu.
Akaandika kitu. Hadi leo sijui kilikuwa upande wa nani.

Sheria aliisoma kwa Kifaransa, kisha akaishusha kwa Kiswahili,
taratibu, kama anashusha mzigo kichwani kwa mtu.
Mtoto ana haki ya kusikilizwa. Ukakohoa.
Ana haki ya kusoma. Nikainama mimi.
Ana haki ya kutopigwa,
na hapo ukatazama viatu vyangu, si uso wangu.

Mama Cibalonza, mguu kwenye plasta, akaomba neno:
"Mimi sitaki mtoto afungwe. Nataka sambaza zangu."
Hakuna aliyecheka.

"Baba, unajua unachokitia sahihi?"
Najua. Sare arobaini na moja,
nikihesabu uzi, nikiacha kuhesabu macho.
Nawe kila Jumamosi utambebea beseni
kutoka ziwani hadi sokoni, mpaka aseme basi,
yeye, si mimi, wala si wewe.

Cheti kimetoka. Jina lako wamelikosea herufi moja;
tutarudi.
Rula ya mbao nimeiweka juu ya kabati.
Sikuitupa, sitakudanganya, bado inapimia mapazia.
Njoo mlangoni basi, Septemba imefika.
Simama wima.
Ngoja kwanza nitafute kigoda.