Dirisha Linafungwa Ijumaa

Kijana wa bima ana kucha safi kuliko zangu.
Amepanga karatasi tatu mezani, rangi tatu,
akazinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.
"Mama Ndeonasia, chagua kifurushi.
Dirisha linafungwa Ijumaa."

Nikageuka kulitazama dirisha.
Lilikuwa wazi. Nje mtu anauza soksi,
na mlima umejifunika tangu Jumapili.

"Nisomee," nikamwambia, "miwani nimeiacha Kiborloni."
Si kweli. Ilikuwa mkobani.
Nilitaka nimsikie akiyataja kwa mdomo wake.

Cha kijani: kulazwa siku kumi na nne, na dawa za kawaida.
Cha bluu: hayo, na macho, na meno
(kung'oa, si kuweka).
Cha dhahabu: hayo yote, na moyo, na figo,
na nyonga ya chuma ukivunjika.
Alilisoma neno nyonga polepole,
kama ananipimia gauni.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kiwandani hapa Moshi
nachambua kahawa ya watu.
Mkanda unapita, mkono unapita:
nyeusi huku, iliyotobolewa na mdudu kule, chenga chini.
Punje iliyooza niliijua kwa ncha ya kidole
kabla jicho halijafika.
Hakuna aliyeniambia kwamba ipo siku
nitapandishwa mimi mkandani
nijichambue mwenyewe,
goti huku, presha kule,
na hili pafu lililokula vumbi la maganda
nisijue nilitupe upande gani.

Maana ndicho wanachouliza wakisema chagua:
mwili wako, Mama, utaanza kukusaliti wapi?
Bashiri. Lipia hapo.
Ukikosea subiri mwaka mwingine,
kama mwaka mwingine ni wako.

Eliamani alibashiri macho.
Alikuwa na mtoto wa jicho, akachukua cha bluu,
wakamsafisha, akaona vizuri sana.
Aliona namba ya kitanda.
Aliona daktari anavyouma midomo kabla ya kusema.
Aliona bei ya kusafisha figo, mara tatu kwa wiki,
akaisoma mwenyewe, bila miwani,
akanirudishia karatasi.
Tuliuza ng'ombe wawili. Wa tatu hakumngoja.
Sasa migomba yangu haina samadi,
na mikungu imekuwa midogo kama ya mtu asiye na haya.

Mwanangu amepiga simu kutoka Geita:
"Chukua dhahabu, Mama, nitachangia."
Ni kitenzi kizuri, lakini kimeanza na *nita*.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya mbolea:
dhahabu inameza pensheni ya miezi saba.
Mitano iliyobaki nitakula afya.

Basi nikatoa miwani.
Kijana akaiona, akanyamaza.
Nikasoma zile herufi ndogo za chini,
ndogo kama chawa wa kuku,
na humo, mstari wa tisa:
*huduma ya figo, baada ya miezi kumi na miwili ya kusubiri.*
Nikacheka. Sikukusudia.
Mwenye figo hasubiri, mwanangu. Huyo anasubiriwa.

"Mama yako yeye amechukua kipi?"
Akapanga upya karatasi zilizokwisha kupangwa.
"Bado," akasema.
"Ana miaka mingapi?"
"Sabini na mbili."
"Na dirisha linafungwa lini?"

Tukalitazama wote wawili.
Muuza soksi alikuwa anahesabu chenji.

Nikatia alama kwenye bluu.
Sikubashiri chochote.
Kinachokuja kitakuja na jina lake,
nami nataka nikione kinavyopanda njia,
nikijue, kama punje, kabla hakijanifikia.

Akapiga muhuri. Wino ulikuwa umekauka.
Akautemea pumzi, akapiga tena.