Daftari la Asaa

Sogeza hilo sanduku, Asaa, kaa hapa kwenye busati,
makonyo yasikuchome.
Meli ya Mkoani ni keshokutwa na wewe bado unauliza
utasema nini ukifika.

Andika.
Sukari ni sukari. Sabuni ni sabuni.
Dirisha livute kidogo: darisha.
Sahani ikate mkia, birika liongezee kichwa,
hapo umeshapata nusu ya jiko
bila kumlipa mtu ada.

Nusu ya pili ndiyo iliyonitoa machozi.

Mimi niliondoka Wete nimehitimu msahafu mara mbili
kwa Maalim Faki, bakora yake shahidi.
Nilijua "Ewe uliyejifunika."
Sikujua "bomba linavuja."

Siku ya kwanza Maskati, wakala akanambia: saa thamania.
Nikahesabu vidole, nane, nikashukuru,
nikalala nikaamka, nikapiga buibui pasi,
nikenda saa nane mchana, jua la utosi.
Mlango umefungwa. Kazi kapewa mwengine.
Nane yao ni mbili yetu, mwanangu,
saa ya chai na mkate wa kumimina.
Hiyo iandike kwa wino mwekundu.

Nyumba ya pili ikanichukua. Siku ya tisa
bomba la chini ya sinki likapasuka,
maji yanakwenda kwenye zulia la sebuleni,
mimi nimeziba kwa kiganja, natafuta neno,
neno lolote la maji,
na lililokuja ni la chuoni.
Nikapaza sauti, kwa tajwidi, na ghunna yake:
tajri min tahtihal-anhar!
Inapita chini yake mito.
Bibi wa nyumba akaja mbio, akainama, akaiona mito,
akacheka hata akakaa chini majini.
Nami nikacheka. Usiku nikamuomba Mola radhi.

Lakini wageni walipokuja Ijumaa
akaniita niseme tena, niseme ile ya jikoni.
Wanawake sita, vikombe mkononi, wananitazama mdomo.
Nikaitua sinia ya halua, nikarudi nilikotoka.
Kwa hilo hakuna neno. Acha mstari mtupu.

Watakwita binti hata ukiwa na wajukuu: itika.
Wakikwita kwa kupiga makofi,
wewe endelea kukosha vyombo.

Na ukiwekewa karatasi mbele, usione haya kuisoma polepole.
Herufi unazijua, umezililia toka una miaka mitano.
Maana ikikukimbia, tarakimu hazikimbii:
zitie kidole moja moja.
Wao wangoje, kalamu iwakaukie.

Sasa la mwisho, na hili halimo
kwenye kijitabu alichokuuzia yule kijana wa bandarini.
Ratibu.
Huku tunaisoma Alhamisi baada ya Isha,
udi umefuka, watoto wamesinzia magotini,
kahawa inangoja barazani.
Kule ni mshahara.

Kila mwisho wa mwezi mpishi Mbengali
alinisogelea akisugua vidole, ratib, ratib,
naye Kiarabu chake kama changu, cha kuokota.
Nikadhani ananiuliza kama nahudhuria dhikiri.
Nikamjibu inshallah.
Miezi mitatu, Asaa.
Miezi mitatu nafua, napika, najibu inshallah,
na mama yako hapa ameuza mbuzi
kunitumia nauli ya kurudi.

Haya, sema. Ratibi: wangu mimi.
Tena.
Inua kidevu. Nitazame mimi, usilitazame daftari.
Tena, na sauti itoke kifuani,
usininong'onee,
hii si ile ya Alhamisi.