Panda

Humud, usiku walipokuaga pale Bausher
walionyesha kwenye skrini kubwa mabao yako matatu,
yote ya kichwa, yote ya kona.
Miaka kumi na minne, mechi tisini na moja,
na wao wameona mabao matatu.
Nikacheka peke yangu jukwaani.
Nani angeonyesha yale yasiyoingia?
Mpira uliofia pajani mwako hauna picha.

Mimi namba nne, wewe namba tano.
Tulianzia Ibra, kiwanja cha changarawe nyuma ya soko,
jiwe nguzo moja, kandambili nguzo ya pili,
jua limetubana visogo kama koleo.
Ulianguka ukainuka na kokoto gotini.
Imo humo mpaka leo;
uliwahi kunishika kidole niiguse.

Kwenu mama alikaripia kwa Kiswahili cha Ng'ambo,
kwetu bibi alihesabu shilingi za serikali iliyokwisha.
Shuleni walituchekea Kiarabu chetu,
ayn zetu nyepesi kama maji ya kuoshea mchele.
Basi lugha tukaipeleka uwanjani.
"Panda!" na mstari mzima ukapanda,
mshambuliaji akabaki nyuma yetu
kama aliyefika harusini siku ya pili,
kibendera juu.
"Mwachie." "Mtu mgongoni." "Huyu wangu, we funga mlango."
Makocha walikuja wakaondoka,
wakachora ubaoni mishale na viduara,
hakuna aliyejua kwamba ukuta wake
umejengwa kwa maneno sita ya jikoni.

Kisha ile nusu fainali.
Sitaki kuikumbuka. Nitaikumbuka.
Dakika ya themanini na nane, moja kwa moja,
kijana wao, mwembamba, soksi zimemshuka,
anakuja na mpira taratibu
kama aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni.
Ukanipigia kelele:
"Msukumie kulia! Mguu wa kulia ni pambo tu!"
Nikamsukumia kulia.
Akanitazama, wallahi, akatabasamu.
"Pambo, eh?"
Kiswahili cha Wete, kama kimefuliwa jana.
Nyavu zikatikisika,
nami nimesimama palepale, mdomo wazi.

Mbele ya vipaza sauti ulisema neno moja:
kosa ni la nahodha.
Magazeti yakaandika kwamba ulichelewa kuamuru.
Ulichelewa!
Wewe uliyeamuru mapema, na kwa sauti ya kutosha,
kwa lugha ambayo bibi wa mtu
alishaimwaga sikioni mwa mjukuu, ng'ambo ya mpaka.

Chumbani ulivua kitambaa, ukakikamua jasho,
ukasema, "Tumefungwa na ndugu,"
ukatoka kumtafuta mbadilishane jezi.
Akakwambia bibi yake bado yu hai,
na halwa ya huko anakoishi haimfiki kooni.
Ukampelekea. Wewe mwenyewe, kwa gari,
saa tano za lami na foleni ya mpakani,
bakuli limefungwa mkanda kiti cha mbele
kama abiria.
Hilo nalo halikuonyeshwa kwenye skrini.

Goti likaisha kidogo kidogo, kama sabuni.
Mimi nikaingia kwenye vipuri vya magari, Wadi Kabir,
wewe ukarudi kulekule nyuma ya soko.

Jana nilipita. Nyasi bandia, taa, chupa za maji ya baridi.
Wavulana ishirini,
wajukuu wa waliorudi na wa wasiokwenda popote,
mmoja Mbaluchi, miguu mirefu, huyo utamfaidi.
Kiswahili hawakijui, hata salamu.
Ukavuta pumzi:
"Panda!"
Wakapanda, wote, mstari mmoja,
kama shuka linalokung'utwa.

Nikamshika bega mdogo wao, nikamuuliza kwa Kiarabu
neno lile maana yake nini.
Akanitazama kama mtu aliyekosa akili.
"Panda?" akasema. "Maana yake panda,"
akakimbilia mpira.